Safari ya Pakiti kutoka Diani

Intaneti inayotumiwa katika hoteli za Diani, katika hospitali ya Msambweni na katika ofisi za Kaunti ya Kwale imejengwa juu ya itifaki isiyo na muunganisho, yaani kanuni ya mawasiliano inayomwezesha mtumaji kutuma ujumbe bila kutengewa njia kwanza. Simu ya zamani ya mezani ilifanya kinyume chake, kwa kuwa njia nzima kati ya mpigaji na mpigiwa ilishikiliwa mpaka simu ikatwe, hata kama wote wawili walikuwa kimya.

Katika utaratibu wa intaneti ujumbe hugawanywa katika vipande viitwavyo pakiti au datagramu, na kwa kuwa kila kipande hubeba anwani ya kilikotoka na ya kiendako, chaweza kupita njia yake na hata kuwatangulia wenzake. Wazo hilo lilijaribiwa na Mfaransa Louis Pouzin katika mtandao wa CYCLADES miaka ya 1970, nazo kanuni za toleo la nne la itifaki ya intaneti, ambalo lingali likitumika, zilichapishwa mwaka 1981.

Kinachoelekeza pakiti ni ruta, kifaa chenye jedwali la njia linaloonyesha hatua inayofuata tu, kama vile kondakta wa matatu pale Likoni anavyoweza kupokea kifurushi cha Vanga bila kuijua Vanga, mradi anajua kwamba kitashushwa Ukunda na kupandishwa gari jingine. Pakiti hupewa pia kikomo cha uhai, nambari isiyozidi 255 ambayo kila ruta huipunguza kwa moja, na ikifika sifuri pakiti hutupwa ili isizunguke milele. Mtandao wenyewe hautoi dhamana ya kufikisha. Kazi ya kutambua kilichopotea na kukituma upya huachiwa kompyuta za pande mbili.

Majedwali hayo hujazwa na itifaki za uelekezaji. Ndani ya kampuni moja hutumika OSPF au IS-IS, ambapo kila ruta hutangaza hali ya viungo vyake, kisha zote hukokotoa njia fupi kwa mbinu ya Mholanzi Edsger Dijkstra ya mwaka 1959. Baina ya kampuni hutumika BGP, ambayo kwayo kila mfumo huru, yaani mtandao wenye usimamizi wake, huwatangazia majirani anwani zinazofikika kupitia kwake.

Hapa ndipo makubaliano ya watu hushinda jiografia. Kabla ya KIXP, kituo cha Nairobi ambapo kampuni za intaneti hubadilishana pakiti moja kwa moja, kuanzishwa mwaka 2000, ujumbe kati ya wateja wa kampuni mbili za Kenya ulipaa kwa setilaiti hadi ng'ambo na kurudi, hata kama wateja hao walikuwa majirani. Na kituo hicho kilifungwa baada ya majuma machache kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu ya Telkom Kenya, kikarejea mwaka 2002.

Mei 2024, kebo za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, ruta ziliziondoa njia hizo majedwalini na kuzielekeza pakiti kwenye kebo nyingine, ikiwemo TEAMS itokayo Mombasa hadi Fujairah. Intaneti ya Kenya ilipungua kasi bila kuzimika, kwani itifaki huweza kupata njia nyingine, lakini haiwezi kuipanua.