Ini Lenye Makovu (3): Kinundu Husomwa kwa Sekunde

Wiki iliyopita tuliona jinsi homa ya ini aina ya B na pombe zinavyoliachia ini makovu hadi likakakamaa, hali inayoitwa sirosisi. Ini la namna hiyo hujaa vinundu, kwa kuwa seli zilizosalia huhangaika kujijenga upya katikati ya makovu. Vingi havina saratani. Kazi ni kukijua kile kimoja kilichogeuka.

Ultrasaundi ya kila miezi 6 hukiona kinundu, ila haiwezi kukitaja jina. Kikiwa chini ya sentimita 1, kwa kawaida mgonjwa hurudi kupimwa baada ya miezi 3 hadi 6. Kikifika hapo au kupita, aende kwenye CT au MRI yenye dawa ya rangi.

Ini hulishwa na mishipa miwili. Karibu robo tatu ya damu yake huja na vena itokayo matumboni, na iliyobaki huja na ateri. Saratani ya ini, kadiri inavyokomaa, huiacha vena na kujiotesha ateri zake. Basi dawa ikidungwa mkononi hutangulia kufika kwa njia ya ateri: yapata sekunde 35 tu, kinundu cha saratani kinang'aa huku ini linalokizunguka bado limefifia. Dakika moja na ushei tangu sindano, mambo hugeuka. Ini limejaa dawa, kinundu kimekwisha kuipoteza, nacho kinaonekana cheusi kuliko majirani zake.

Chukua kinundu cha milimita 18 katika ini lenye sirosisi, kimeng'aa chote kisha kikafifia hivyo. Kwa utaratibu wa LI-RADS, ulioanzishwa mwaka 2011 na chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani, hicho ni LR-5: ni saratani, na tiba yaweza kuanza bila kuchukua kinyama. Ni saratani chache mno ambazo picha hupewa mamlaka hayo.

Ndiyo maana huniuma kumwona mgonjwa aliyeuza mbuzi alipie CT, akarudi na picha za awamu moja, au zisizo na dawa kabisa. Hata majibu yakiandikwa "hakuna tatizo", swali la kinundu bado liko palepale. Kabla hujalipa, uliza: "Ini langu litapigwa kwa awamu ngapi?" Unataka kusikia tatu: ya ateri, ya vena, na ya mwisho baada ya dakika kadhaa. Beba pia majibu ya kreatinini, maana dawa hiyo hutolewa mwilini na figo.

Wiki ijayo: LR-3 na LR-4, vinundu ambavyo picha yenyewe husita kuviamua.