Miguu Inapogoma Bila Ajali (2)

Toleo lililopita tuliishia kwenye ugwe wa mgongo, ule uzi mnene wa mishipa ya fahamu upitao ndani ya pingili. Leo tutazame damu yake.

Theluthi mbili za mbele za ugwe hutegemea ateri moja tu. Nyuma ziko mbili. Ateri ya mbele nayo haijitoshelezi. Huongezewa damu na matawi machache yatokayo kwenye aota, na kubwa kuliko yote, ambalo aghalabu huingilia kushoto, sehemu ya chini ya kifua, lina jina la Albert Adamkiewicz, daktari wa Poland aliyelieleza mwaka 1882. Hilo likiziba, ugwe wa chini hauna pa kukopa.

Kwa mzee, tunashuku aota iliyochakaa. Kwa kijana ni kitendawili. Mwaka 2004 madaktari wa Hawaii walieleza wagonjwa tisa waliokuwa wakijifunza kuteleza juu ya mawimbi. Si kwamba walianguka, wala ubao haukuwagonga. Walilala kifudifudi juu ya ubao, kifua kimeinuka, mgongo umepindwa kwa nyuma, wakipiga maji kwa mikono. Yakaanza maumivu ya mgongo, ikafuata ganzi, kisha miguu ikalegea na mkojo ukagoma kutoka. Huenda mkunjo ule huibana ateri. Wengine hushuku chembe ya gegedu kutoka diski ya mgongo iliyopenya mshipani. Mimi naegemea mkunjo, kwa kuwa hata China wasichana wadogo wamepooza baada ya kujipinda kinyumenyume katika mazoezi ya dansi.

Dalili za ugwe uliokatikiwa damu mbele huwapotosha wengi. Mgonjwa hawezi kuinua mguu, hasikii sindano wala baridi, lakini ukimfumba macho na kukishika kidole chake cha mguu, anakuambia kama umekielekeza juu au chini. Nyuma ya ugwe damu bado inapita! Asiyelijua hilo humwona kijana anaigiza, hasa picha ya MRI ya saa za mwanzo ikitoka safi, jambo linalotokea.

Dawa ya kuurudisha ugwe uliokufa hakuna. Madaktari huzuia shinikizo la damu lisishuke na kumwekea mgonjwa mpira wa mkojo. Anayeweza kuchezesha mguu tangu siku za kwanza ana matumaini makubwa ya kutembea tena. Aliyepooza kabisa, matumaini yake ni haba.

Toleo lijalo: vidonda vya kulalia, na mazoezi ya viungo.