‘Meno ya plastiki’ yaliniachia pengo la maisha

Nilipoingia nyumbani nikitoka Manyovu na mzigo wangu wa vitenge, nilimkuta mama mkwe ameshambeba mtoto wa wifi yangu mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi sita, na homa na kuharisha vilikuwa vimemshika siku ya pili.

“Ana meno ya plastiki,” aliniambia. “Nampeleka kwa yule mama ayatoe, yasije yakamuua.”

Nilitua mzigo, nikafungua mdomo nikamwonyesha.

Ndugu msomaji, kama uliishi kambini mkoani Kigoma, habari hii si ngeni kwako. Hata Uganda ipo, wao huita ebiino. Mganga huona uvimbe mweupe kwenye fizi mahali pa chonge, akasema ni jino bovu, akalichokonoa kwa kisu au spoku ya baiskeli, bila ganzi. Jino linalotoka huwa laini kweli, na ndiyo maana watu huamini. Lakini ni chonge la utotoni ambalo halijakomaa. Muda wake wa kuchomoza ni kama miezi 16 hadi 22. Homa na kuharisha huja katika umri huo kwa sababu nyingine kabisa: mtoto anaanza kula vyakula vingine, anaokota kila kitu na kutia mdomoni, kinga aliyopata kwa mama inapungua, na malaria yetu tunaijua. Wapo wanaokufa kwa kutoka damu au kwa pepopunda, kisha lawama inabaki kwa jino.

Mimi nilichokonolewa chonge zote mbili za chini. Mama alinisimulia bila majuto, maana aliamini ameniokoa. Tatizo ni kwamba mbegu ya jino la kudumu iko jirani kabisa na lile la utotoni. Chonge langu la kulia liliota dogo, lina doa la kahawia. La kushoto halikuota kamwe. Meno ya mbele yakaanza kuhamia penye nafasi, mstari wa katikati ukapinda, na mpaka leo natafuna upande mmoja.

Tulirudi Burundi mwaka 2012. Miaka kadhaa baadaye, biashara iliposimama kidogo, nilikwenda kwa daktari wa meno. Picha ya taya ilionyesha hakuna jino lililojificha. Alinieleza kwamba kwanza waya zingerudisha meno mahali pake, kazi ya miezi mingi, ndipo pengo lizibwe. Daraja huegemea meno ya jirani, nayo lazima yasagwe hata kama ni mazima, hilo lilinikera. Kupandikiza skrubu ya titani kwenye mfupa ndiko kunakodumu, ila mfupa huhitaji miezi 3 hadi 6 kuishika, na pale ambapo jino halikuota mfupa huweza kuwa mwembamba ukahitaji kuongezwa. Tena haifanywi kwa mtoto ambaye taya bado inakua. Bei yake nililinganisha na mtaji wangu, nikanyamaza.

Nilichukua jino bandia la kuvua. Halikunyoosha chochote, ila linaziba. Nalivua usiku, nalisafisha, nalilaza kwenye maji. Sokoni nimeona mafundi wanaogundisha jino kwa plastiki moja kwa moja kwenye meno mengine. Usikubali, uchafu hunasa chini na fizi huoza, na kulitoa ni shughuli.

Mama mkwe alitazama mdomo wangu kwa muda mrefu. “Kumbe ndiyo maana hucheki,” alisema. “Mimi nilidhani ni adabu.”

Hakumfungua mtoto mgongoni. Tulikwenda naye hivyo hivyo hadi kituo cha afya, wakampima, ikaonekana malaria. Alipewa dawa, pamoja na zinki na chumvichumvi za kuchanganya na maji. Sasa anatembea, na chonge zote nne zimetoka. Bibi yake huzihesabu kwa kidole, naye humng’ata.