Mchunga Kondoo wa Mozart na Mtoto wa Kambi Muru

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Methali hii yafaa kuzingatiwa na kila afundishaye watoto muziki.

Mnamo mwaka 1768, Wolfgang Amadeus Mozart, akiwa na umri wa miaka 12 tu, alitunga opera fupi iitwayo Bastien und Bastienne. Kisa chake ni cha mashambani. Binti mchunga kondoo anasononeka kwa kuwa mpenzi wake amevutwa na bibi mmoja tajiri. Anamwendea Colas, mganga wa kijiji, naye anamshauri ajifanye hajali. Hila inafaulu, na wapendanao wanarudiana.

Mambo mawili humvutia mwanaisimu hapa. Kwanza, asili ya kisa hiki ni opera ya Kifaransa ya Jean-Jacques Rousseau ya mwaka 1752, lakini Mozart alikitungia muziki kwa Kijerumani, lugha ya kwao, wakati ambapo Kiitaliano ndicho kilichotukuzwa katika opera. Pili, Colas anapopunga uganga wake, huimba maneno yasiyo na maana katika lugha yoyote ile. Mtoto Mozart aliyavika maneno hayo matupu muziki mzito wa kutisha. Mchunga kondoo haambulii kitu, msikilizaji anacheka. Nguvu ya mganga, kumbe, ni kutoeleweka kwake!

Je, nasi hatujawa akina Colas? Ni kwaya ngapi za shule zetu zilizoimba Kilatini au Kijerumani bila mwimbaji hata mmoja kuelezwa maana? Wapo watakaosema kwamba muziki wa kigeni humfungulia mtoto milango. Ni kweli, wala siupingi. Ninachopinga ni kuufanya ugeni wenyewe kuwa ndio ustadi.

Chukua mfano wa mtoto wa Kambi Muru, kijiji kimojawapo cha Kibera. Jina Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Wanubi, askari wa King's African Rifles na jamaa zao, walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Msitu umetoweka, na mahali pake pamesongamana mabati. Uliobaki ni katika jina tu. Kinubi nacho, lugha iliyochipuka kutokana na Kiarabu miongoni mwa askari hao, hakipewi nafasi darasani. Mtoto huyu amerithi utungo mzima wa mashambani ndani ya neno moja, wala hakuna amwambiaye.

Basi walimu na wafanye mambo mawili. Mtoto asiimbe wimbo kabla ya kufafanuliwa maana yake. Na kwa kila wimbo wa kigeni anaofunzwa, apewe fursa ya kutunga wake, kwa Kinubi, Kiswahili au hata Sheng, kuhusu mahali anapoishi. Mozart hakungoja kukua, wala hakungoja kibali cha Waitaliano. Kwa nini wa Kambi Muru angoje?