Kwangu ni Lazy Bones!!

Siku ya Mungu iliyopita, kiisha misa, tulikutana watu sita nyuma ya atelie ya fundi mumoja wa radio, Kamalondo, hapa Lubumbashi. Kulikuwa mashini ya kupiga diski, bafle mbili kubwa sawa kabati, munkoyo ndani ya bidoni, na diski ine. Kazi ilikuwa moja tu: kila mutu aseme ni diski gani ya Jagari anaipenda kupita zote, na aseme ni juu ya nini. Tulifikiri ni maneno ya saa moja. Tulirudi nyumbani usiku.

Kwa vijana wasiomujua: Jagari ni Emmanuel Chanda, muimbaji wa orkestra WITCH ya Kitwe, kule Zambia. Jina Jagari ni la Mick Jagger, yule wa Rolling Stones, lakini limekwisha kuoga maji ya kwetu. Na WITCH, kwa Kiingereza, ni mulozi. Siku mama yangu alipoelezwa maana hiyo, radio ililala inje. Wao wenyewe walisema kila herufi ya jina iko na neno lake, na maneno yote pamoja yanasema: tunataka kuleta fujo. Ukiisikia ile gita, unaona hawakudanganya.

Tukumbuke wakati wenyewe. Mwanzo wa miaka ya 70, shaba ilikuwa na bei, na kule Kitwe, Chingola, Luanshya na Ndola vijana waliokomalia kwenye kambi za mine walisikiliza Jimi Hendrix, Deep Purple, Black Sabbath. Wakatafuta gita za umeme, wakaanza kupiga yao. Leo wazungu wanaiita Zamrock. Rais Kaunda, naye mupiga gita, aliamuru radio ya taifa ipige muziki ya Zambia asilimia 95. Huku kwetu, wakati ule ule, Mobutu alikuwa ametuvulisha kravate na majina ya ubatizo, tukavaa abacost. Angalia vile amri mbili zinazofanana zilizaa vitu viwili: huku tuliambiwa turudi kwa mababu, kule vijana walijibu kama rock wanayoipiga wao ni ya Zambia juu wao ni Wazambia, basi radio iipige. Na ikaipiga. Mwezi wa tisa 1974 Kinshasa ilipata James Brown na B.B. King. Sawa. Lakini Kinshasa ni mbali. Kasumbalesa ni kilometa karibu 90, na mawimbi ya radio hayaonyeshi paspore kwa mutu.

Fundi ndiye alianza kusema, sababu nyumba ni yake. Kwake ni ya kwanza, Introduction. Alisema anaipenda kwa umaskini wake: unasikia chumba, unasikia kama hakukuwa mashini nyingi, ngoma na orgue vinagombania nafasi moja. Tena WITCH waliibeba wenyewe kwenye konseri zao na kuiuzisha kwa mikono, kama mama anayeuzisha mikate. Fundi alipiga wimbo Home Town, akafunga macho. Hakuna aliyemubisha. Ya kwanza ni ya kwanza.

Wa pili alikuwa muzee wa reli, yuko na miaka zaidi ya sabini, jicho la kuume limefunikwa na katarakte. Nitarudi kwake. Yeye alichagua In the Past, ya 1974. Alikuwa akienda na treni mupaka Sakania na kuvuka Ndola, na mara moja alifika Kitwe kwa konseri ya muchana. Ndiyo, ya muchana. Vita ya Rhodesia ilikuwa inafika mupaka Zambia, kulikuwa saa za kuzima taa na kukaa ndani, basi orkestra zilipiga kuanza saa nane mupaka saa kumi na moja, watu warudi kwao kukiwa na mwangaza. Muzee anasema Jagari aliingia na patalo ya miguu mipana, ile tuliitaka pate-elefa, na viatu vya kisigino kirefu, akacheza kama mutu anayekanyaga makaa. "Na miye na abacost yangu," alisema, "nilikuwa sawa katekista mwenye kupotea njia."

Tukacheka. Mama mumoja, anayeuzisha pagne kwenye soko ya Kenya, alicheka kupita sisi wote, kiisha akasema maneno ambayo sikuwa nimefikiri hata siku moja. Huku, mwanamuke kuvaa patalo ilikuwa ni kesi. Shangazi yake alikuwa ameolewa Chingola. Kila likizo alivuka na kanga, na kufika kwa shangazi alivaa patalo ya binamu yake, wakaenda kucheza. "Kwa ninyi wanaume Jagari ni gita," alisema. "Kwangu miye ni ile patalo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Siku ya kurudi, naiacha kule juu ya kitanda, naanza kulia." Diski yake ni Lukombo Vibes, ya 1976. Lukombo, kwa wasiosikia Kibemba, ni kile kibuyu cha kuchotea na kunywea, na mama aliinua kopo yake ya munkoyo alipolitaja jina. Anaipenda sababu humo WITCH wameanza kuingiza ndimi za kwao na ngoma za kwao katikati ya rock. Bibi yake, asiyejua neno moja la Kiingereza, aliweza kusema: hii ninaisikia.

Hapo ndipo kulitokea ubishi. Muzee wa reli anaona kama ndimi za kwetu zilipoingia, moto ulipunguka. Watu wa Zambia walizoea rumba yetu, wakawa wanataka kucheza, orkestra ikawafuata. Mama anamujibu kama moto usiopika bukari ni wa kuunguza nyumba tu. Mimi ninakuwa upande wa mama kwa fikira, lakini upande wa muzee kwa masikio. Na tusisahau kama njia ilikuwa na pande mbili: Baba Gaston alitoka huku Katanga na rumba yake, akaenda Dar es Salaam, kiisha Nairobi, na mule mule Nairobi orkestra za rock za Zambia zilikuwa zinaenda kutengeneza diski zao. Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga walikaa kule siku nyingi. Pengine walipishana mulangoni.

Ikafika zamu yangu. Kwangu ni Lazy Bones!!, ya 1975, na alama zile mbili za mushangao ni za jina lenyewe, si zangu. Gita ya Chris Mbewe humo inalia kama mashini ya kupasua mbao, na katikati ya makelele hayo Jagari anaimba na sauti ya mutu aliyeachwa peke yake. Soma tu majina ya nyimbo: Black Tears, Motherless Child. Machozi meusi, mutoto asiye na mama. Nilikuwa mutoto kabisa wakati yaya yangu aliileta toka Ndola, chini ya shati, juu ya douane. Alinikataza kuigusa. Kila mara alipotoka niliigusa. Yaya alikufa mwaka 1988, diski ikabaki kwangu, na katika pilaje ya 1991 walikuja wakabeba mashini, matelasi, sufuria, na ile karto ya diski. Matelasi nilinunua ingine. Toka siku ile sikushika tena Lazy Bones!! katika mikono mupaka siku ya Mungu iliyopita.

Sababu moja kati ya zile diski ine ilikuwa ni hiyo. Ya kweli, ya wakati ule, si ya kurudiliwa. Ni ya muzee wa reli.

Kijana wa université, mudogo kati yetu, alikuwa na telefone tu. Yeye alichagua Zango, ya 2023. Wakubwa wakapiga kelele: ile si WITCH! Naye alitueleza polepole, na heshima. Alisema yeye hakumujua Jagari kupitia baba yake. Alimujua kupitia Sampa the Great, yule musichana wa Zambia anayefanya rap, ambaye ameimba ndani ya Zango. Toka kwa musichana akarudi nyuma kwa muzee. "Ninyi mulianza na kijana, mukamupoteza," alisema. "Miye nimemukuta akiwa babu, anaimba bado. Ni nani kati yetu yuko na bahati?" Fundi alimumiminia munkoyo.

Na ni kweli, tulimupoteza. Bei ya shaba ilianguka toka 1975. Franga zikakosekana, vita na saa za kukaa ndani vikavunja konseri, kasete za kuiba zikaua diski, disko ikaingia. Jagari aliacha orkestra, akaenda kusoma na kufundisha muziki. Nyuma yake akaingia katika kazi ya kuchimba mawe ya bei. Kiisha kulikuja SIDA, na hiyo haikuchagua mupiga gita ao mupiga ngoma. Kati ya vijana waliokuwa naye katika diski za kwanza, Jagari ndiye amebaki. Paul Ngozi, yule aliyepigaka gita na meno, alikufa 1989. Wakati mama wa pagne alitaja hivyo, fundi alipunguza sauti ya bafle, hakuna aliyemuomba.

Kiisha kitu kikageuka. Karibu mwaka 2012 nyumba moja ya diski ya Marekani, Now-Again, ilitoa tena kazi ya WITCH. Muitalia mumoja, Gio Arlotta, alienda kumutafuta Jagari Zambia, akamukuta kwenye mambo ya mawe, na kutoka hapo kukawa filme mwaka 2019, konseri za Ulaya na Marekani, Zango, na tena diski ingine, Sogolo, mwaka 2025. Ulaya vijana wanaruka mbele ya muzee mwenye miaka zaidi ya sabini. Mimi ninafurahi, na niseme pia: kuna kitu kinaniuma. Mutu wa Paris anaweza kuagiza sanduku nzima ya WITCH na kuipokea nyumbani, na mutu wa Kamalondo, ambaye radio ile ile ilimulea, anaisikia kwa telefone ya mutoto, unité zikiisha muziki inakatika.

Tena diski za zamani zimekuwa kama almasi. Zile zilizopigwa wakati ule, wenye kuzikusanya wanalipa mamia ya dola, nyingine zinapita elfu. Watu walizunguka Kitwe na Lusaka wakizinunua katika nyumba, na wajane wengi waliuzisha bila kujua bei.

Sasa nirudi kwa muzee wa reli. Mutoto wake anaishi Lusaka, na mutu mumoja kule ameona foto ya ile Lazy Bones!!. Ametoa dola mia saba. Kutoa katarakte inaomba franga, pansio ya muzee kila mutu wa hapa anaijua namna iko, na jicho la pili nalo limeanza kufunikwa. Kwa kweli ndiyo sababu alileta diski ile siku: alitaka tuisikie mbele haijaenda, na alitaka pia, nadhani, tumukataze.

Mama wa pagne alikataa kabisa. Alisema tuchangie, kila mutu alete kidogo. Tukahesabu hapo hapo: kwa watu sita tulifika dola mia na kumi, na katika hizo arobaini zilikuwa za mudomo. Kijana alisema auzishe, sauti yenyewe iko tayari kwenye telefone, haitapotea. Fundi akacheka: "Papa, kusikiliza diski haiombi macho. Kaa nayo."

"Na nitajuaje ni upande gani?" muzee akajibu.

Wakaniuliza mimi. Mimi ndiye mutu mubaya wa kuulizwa, nikasema wazi: ningekuwa na hizo dola mia saba ningeinunua mimi, usiku ule ule, na ningeikataza kwa watoto wangu kama yaya alivyonikataza. Lakini sina. Nikamwambia: Papa, uzisha, utibu macho. Sikumuangalia wakati nilisema hivyo.

Hakujibu. Alipangusa diski na kitambaa cha miwani yake, akaipa fundi. Iko na mukwaruzo mumoja katika upande wa kwanza, na sauti ya Jagari ikifika pale inaruka neno moja. Muzee alikuwa akitia lile neno yeye mwenyewe, na mudomo, kila mara, mahali pake sawasawa. Kijana alirekodi yote na telefone, pamoja na mukwaruzo na sauti ya muzee.

Mutoto wa Lusaka anafika siku ya tano. Siku ya Mungu inayokuja tunakutana tena, saa ile ile, umeme ukiwepo. Fundi anaomba mutu yeyote mwenye sindano ya mashini ya diski, hata ya kutumika, aipitishe kwake. Ile ya sasa imekwisha kuchoka.