Tazama Mimea ya Kinamasi Kabla Maji Hayajakauka

Wakulima wengi huidhani mimea ya kinamasi kuwa ni magugu matupu. Sivyo. Mafunjo na matete huzuia mafuriko yasiende mbio, na mizizi yake hushika udongo uliochukuliwa na mvua kutoka mashambani. Wakati wa kiangazi maji hayo hutoka polepole, yakanywesha mboga, mpunga na ng'ombe.

Mfano ni kinamasi cha Ihefu, katika bonde la Usangu, Tanzania. Maji ya mito yake yalichukuliwa mengi kwa mashamba ya mpunga, na mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, utokao humo, ulikauka wakati wa kiangazi. Baadaye ulikauka tena miaka mingi.

Basi yafaa ukipime kinamasi chako kila mwaka, mwezi ule ule, hivi:

1. Anzia penye nchi kavu, ufuate mstari ulionyooka mpaka penye maji. Simika vigingi ili mwaka wa pili upite pale pale. Usiingie maji ya kina, wala usiende peke yako.

2. Kila baada ya hatua 20, laza chini fito nne za mita moja moja, zifanye mraba.

3. Hesabu aina za mimea iliyo ndani ya mraba. Majina ya kienyeji yatosha. Kadiria pia udongo ulio wazi: je, ni robo au nusu?

4. Andika yote katika daftari.

Dalili zake ni hizi. Mafunjo na matete yakiwa mahali pale pale, tena yanachipua, kinamasi ni kizima. Kishonanguo na magugu mengine ya shambani yakisogea ndani, kinamasi kinakauka. Tafuta mifereji inayotoa maji. Gugumaji likienea upesi, huenda samadi au mbolea inaingia majini. Udongo ukizidi kuwa wazi, punguza ng'ombe na uzuie moto.

Mwaka mmoja hautoshi kutoa hukumu, maana huenda mvua ilikuwa haba. Lakini dalili ikionekana miaka miwili au mitatu mfululizo, usingoje. Ziba mifereji isiyo na kazi, kata matete kwa zamu, na usilime ukingoni. Katika Tanzania, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi ziwezazo kuharibu kingo za mto au ziwa ndani ya mita 60.

Mpelekee Bwana Shamba daftari lako, mshauriane pamoja na jirani zako, kwa kuwa maji ya kinamasi ni yenu nyote.