Woga ya shimo tuiseme

Siye watu wa mgodi, woga tunaijua. Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliangukia wachimbaji wa mkono, wakafa zaidi ya 40. Mutu wa shimo akisikia habari ya vile, anacheka, anasema kufa ni kwa Mungu. Usiku hapati usingizi. Anatafuta pombe, ao anagombeza bibi na watoto bure.

Mu Desemba 1941, hapa hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara. Walikusanyika ku uwanja wa mupira. Askari wakapiga risasi, wengi wakafa, na Léonard Mpoyi aliyesemea wenzake. Bazee bale nao walikuwa na bibi, na watoto, na woga. Lakini walisimama pamoja.

Njo maana mu sendika tunaomba: ndugu, ukiona paa inapasuka, usijikaze kiume. Sema mbele ya kushuka: “Ninaogopa pale.” Kisha ita delege, muende wawili kwa kapita, naye akaangalie. Mwenye kusema vile, tusimucheke. Kesho anaweza kuokoa kikosi chote.